Acha Nafasi ya Kumbe: Namna ya Kuandika Shajara Ukiwa Sekondari

Mwanafunzi anayeamua kuandika shajara kwa kawaida huanza kwa bidii mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa na madaftari yakiwa bado yananukia dukani, na huacha kabla ya likizo ya Pasaka. Siku ya kwanza hujaza kurasa nne za hisia, siku ya pili mbili, siku ya tatu huandika kwamba leo ilikuwa siku ya kawaida, na akishaandika hivyo mara tano daftari huingia chini ya godoro lisitoke tena. Wengi hujilaumu kwa uvivu, ilhali tatizo lao ni kwamba hakuna aliyewaonyesha kazi yenyewe inavyofanywa. Mwongozo huu ni kwa ajili yao, hasa walio kati ya kidato cha kwanza na cha nne, umri ambao ndani ya wiki moja mtu anaweza kumzimikia mwenzake wa mkondo wa pili, kupata rafiki ambaye hajawahi kumwona kwa macho, na kugombana na baba yake mdogo mezani kuhusu jambo la haki ambalo yeye mwenyewe alianza kuliamini Jumanne.

Ninaandika kama mwalimu wa Kiswahili, na pia kama mtu aliyejaza madaftari matano bwenini na kukosea katika karibu yote. Njia ninayoieleza imejengwa juu ya vitenzi vitatu na neno moja dogo: niliona, niliambiwa, nilidhani, na kumbe.

Daftari, kalamu na maficho

Nunua kauntabuku la kwaya mbili. Daftari la kawaida la mazoezi huisha haraka na hung'oka jalada, na la kwaya nne ni zito kubebwa tena huvutia macho ya watu. Livalishe karatasi ya kaki kama madaftari yako mengine, kisha uandike juu yake jina la somo ambalo hakuna anayeazima notisi zake. Sitalitaja somo lenyewe kwa heshima ya walimu wenzangu wanaolifundisha.

Tumia kalamu ya wino. Penseli huja na ufutio, na mtu wa miaka 16 huona haya kwa aliyoyaandika akiwa na miaka 15, akatamani yaonekane kana kwamba hayakuwahi kuandikwa. Ukikosea, piga mstari mmoja mwembamba unaoacha maneno yasomeke, uendelee. Na kabla hujaandika neno la kwanza, piga mstari wa wima upande wa kushoto wa kila ukurasa, upana wa vidole vitatu kutoka ukingoni. Pambizo hilo liache tupu kabisa, hata kama karatasi inaonekana kupotea bure. Hiyo ndiyo nafasi ya kumbe, na kazi yake itaonekana mbele kidogo.

Wapo watakaopenda kuandika kwenye simu. Siwakatazi, ila shule nyingi za Tanzania haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na shajara inayoandikwa wakati wa likizo tu haiwezi kuwa shajara ya maisha ya shule. Tena simu ya kijana mara nyingi ni ya nyumba nzima: mdogo wako anachezea mchezo, mama anapokelea pesa, na kioo kikipasuka fundi anaomba nywila ili aijaribu. Ukichagua simu, tafuta programu inayofunguka kwa nywila yake yenyewe, na usiiaminie siri ambayo hungependa fundi aijue.

Dakika 15 kwa siku zinatosha. Wa bweni aziibe baada ya masomo ya usiku, kabla taa hazijazimwa. Wa kutwa azipate baada ya kuosha vyombo, kabla usingizi haujamzidi nguvu. Siku mbili zikipita bila kuandika, usizifidie kwa kukumbuka kwa nguvu, kwani utajikuta unatunga. Andika tarehe ya leo uendelee.

Ukurasa wa siku moja

Kosa la kwanza la mwandishi mpya ni kuanza na hisia. Hisia ni za kweli, lakini zikiandikwa peke yake hufanana kwa watu wote, na ukizisoma baada ya miezi sita huwezi kujua zilihusu nini. "Nimechoka, sina raha" ni sentensi ambayo ingeweza kuandikwa na mwanafunzi yeyote, mwaka wowote. Anza na vitu: ulichokula, nani hakuwapo, mwalimu wa zamu alisema nini mstarini, kondakta alisimama mlangoni akasema wanafunzi wawili tu na wewe ukawa wa tatu. Hisia zitakuja zenyewe nyuma ya vitu hivyo, na zikija zitakuwa zako.

Huu ni ukurasa kutoka daftari langu la mwaka 2001, nilipokuwa kidato cha tatu:

"Jumatano, saa 3:40 usiku, bwenini. Uji wa asubuhi haukuwa na sukari kwa siku ya pili. Mwalimu wa zamu alitusimamisha mstarini mpaka jua likatokeza juu ya mwembe, sababu ni soksi. Kipindi cha hisabati niliulizwa swali la logarithimu nikasimama kimya. R., anayekaa nyuma yangu, alininong'oneza jibu. Nililisikia vizuri, nikasema sijui. Sijui kwa nini nilifanya hivyo."

Hakuna mahali niliposema kwamba nilikuwa na huzuni, au kiburi, au kwamba nilimwonea R. wivu kwa akili yake. Huenda nilikuwa na yote matatu. Lakini kwa kuwa niliandika uji, soksi na mwembe, ninaporudi kwenye ukurasa huo ninasimama tena palepale, jasho la viganja likiwa vilevile, na swali la mwisho bado linaniuliza. Kama ningeandika tu kwamba siku ilikuwa mbaya, nisingekuwa na pa kurudi.

Vitenzi vitatu

Mwaka huohuo niliandika pia sentensi hii: "Z. ameniibia sukari." Nilikuwa nimeweka nusu kilo ndani ya tranka ambalo sikulifunga, na niliporudi kutoka darasani haikuwapo. Sikumwona Z. akiichukua. Aliyenipa habari alikuwa msichana wa kitanda cha juu, ambaye naye hakumwona akiichukua ila alimwona akiwa karibu na tranka. Wiki mbili baadaye daftari likaangukia mikononi mwa mwenzetu mmoja, akasimama juu ya kitanda akalisoma kwa sauti, bweni zima likisikiliza. Alianza na habari za mvulana, watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, nami nikaomba ardhi inimeze. Kicheko kilikatika alipofika kwenye sukari, maana Z. alikuwa amekaa palepale akishona kifungo cha shati. Hakusema neno. Aliyesema ni matroni, kesho yake asubuhi: sukari alikuwa ameitoa yeye, kwa sababu sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka tranka langu mpaka kitanda cha pili, na muda wote huo alikuwa akiningoja niende kuiomba.

Tangu hapo nimeshika sharti moja, nalo ndilo kiini cha njia hii. Kila sentensi inayomhusu mtu mwingine lazima ibebe kimoja kati ya vitenzi vitatu. Niliona ni kwa yale ambayo macho na masikio yako yenyewe yalishuhudia. Niliambiwa ni kwa yaliyokufikia kupitia mdomo wa mtu, na hapo ni lazima uandike aliyekuambia ni nani. Kitenzi cha kutendwa kinajua kumficha mtenda, ndiyo maana umbeya unakipenda sana, na "inasemekana" ndilo vazi lake la Ijumaa. Nilidhani ni kwa yote yaliyobaki, na usishangae ukikuta yaliyobaki ni mengi kuliko uliyoyaona.

Kwa kipimo hicho, sentensi yangu ya sukari ingekuwa: "Niliona sukari haipo. Niliambiwa na wa kitanda cha juu kwamba Z. alisimama karibu na tranka. Nilidhani ameichukua." Ni ndefu zaidi, haina utamu wa hasira, na ingesomwa mbele ya bweni bila kumpaka Z. wizi.

Sasa pambizo. Ukweli una tabia ya kuchelewa, na unapofika hukuta mtu ameshasema lingine. Kiswahili kina neno kamili la dakika hiyo. Unapokuja kujua jambo lilikuwaje hasa, rudi kwenye ukurasa wa zamani, usiguse ulichoandika, na kwenye pambizo uandike kumbe, tarehe ya leo, na ulichojua. "Kumbe matroni, 14 Juni." Daftari likifika nusu utaona pambizo limeanza kujaa, na utagundua ni watu gani unawadhania vibaya kila mara na ni akina nani unaowaamini upesi kupita kiasi. Mimi niligundua kwamba karibu kila msichana aliyenishinda mtihani nilimdhania ubaya angalau mara moja kwa muhula.

Unapomzimikia mtu

Hakuna sehemu ya maisha ya shule ambapo nilidhani hujivika nguo za niliona kama hapa. Yule mvulana aliyewachekesha bweni zima nilikuwa nimekutana naye kwenye mdahalo kati ya shule yetu na shule ya wavulana. Niliandika: "Amenitazama mara tatu. Mara ya tatu alikaa akinitazama kwa muda mrefu. Ananipenda." Mdahalo uliofuata nilihakikisha nimekaa kwenye kiti kilekile, naye akanitazama tena, nikajikaza nikageuka kidogo kuona kama kuna msichana mwingine nyuma yangu. Nyuma yangu kulikuwa na saa ya ukutani. Yeye alikuwa mtunza muda.

Kwa hiyo andika, tena kwa urefu, maana ni mambo matamu na hayarudi. Eleza alivyovaa sweta begani, anavyotamka jina la mwalimu wa fizikia, alivyokupa rula bila kukutazama. Hayo yote ni niliona. Kisha shuka mstari, andika nilidhani, na uachilie ndoto zako zote bila aibu, kwani ziko mahali pake. Tumia herufi moja badala ya jina, na isiwe ya kwanza ya jina lake, kwa sababu hiyo ndiyo herufi ya kwanza itakayokisiwa.

Hamu ya kumwandikia ikizidi, mwandikie humohumo ndani ya shajara. Barua za mapenzi za shuleni zina mapokeo yake ambayo wazazi wako wanayajua vizuri kuliko wanavyokubali: karatasi iliyokunjwa pembe nne na kunyunyiziwa poda, ikianza na kwamba madhumuni ya waraka huu ni kutaka kujua hali yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, ama mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako, wakati huyo aliye mbali na upeo wa macho amekaa madawati mawili mbele. Andika barua yako hivyohivyo, kwa mbwembwe zote. Iache siku saba. Siku ya nane isome ukiwa na kalamu mkononi, na upige mstari kwenye kila sentensi ambayo kitenzi chake cha kweli ni nilidhani. Ya kwangu ilibaki na mistari miwili: kwamba alitaja muda kwa sauti nzuri, na kwamba ningependa kujua jina lake. Hayo mawili mtu anaweza kuyasema kwa mdomo, mchana, mbele ya watu, bila karatasi itakayookotwa na kiranja.

Akijibu kwamba hataki, andika maneno yake jinsi alivyoyasema, uyafunge kwa alama za mtajo, na kwa wiki nzima usiandike tafsiri yake. "Hapana" ya mtu ni niliona iliyo wazi kuliko zote. Anayeipeleka kwenye nilidhani, akasema alimaanisha nisubiri, hudanganyika mwenyewe na kumsumbua mwenzake.

Jambo moja halina mzaha. Anayekuzimikia akiwa ni mtu mzima, awe dereva wa bodaboda anayekupeleka shule bila nauli, mwenye duka anayekuongezea chipsi, au mtu mwenye cheo hapohapo shuleni, huyo ana jina lake mitaani, anaitwa fataki, na mambo yake yasiishie kwenye shajara. Nchini Tanzania, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Andika tarehe, saa, mahali na maneno yake kamili chini ya niliona, kisha umwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure Tanzania na Kenya pia, na ukurasa wako utakusaidia kueleza bila kubabaika.

Rafiki ambaye hujawahi kumwona

Wazee wakisema urafiki wa mtandaoni ni ugonjwa wa kizazi chenu, wakumbushe kadi za salamu. Kwa miaka mingi wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam na Sauti ya Kenya walijaza kadi, wakatumiana salamu hewani kwa majina ya kujibandika, wakajuana sauti na vijiji kwa miaka mingi bila kukutana. Walikuwako pia marafiki wa kalamu, waliobadilishana picha kwa posta na kungoja majibu mwezi mzima. Kumpenda mtu kupitia maneno yake tu ni jambo tulilolizoea tangu zamani. Tofauti ni kwamba zamani uongo nao ulisafiri kwa basi, sasa unafika kabla hujameza mate.

Kila rafiki wa namna hii mpe ukurasa wake, na ukurasa huo ugawe safu tatu: ninajua, ameniambia, ninadhani. Tuseme ni mtu uliyekutana naye kwenye kundi la Telegram la maswali ya kidato cha nne. Chini ya ninajua unaandika kwamba kemia anaiweza kuliko wewe, kwamba hujibu baada ya saa mbili usiku, kwamba hajawahi kukuomba kitu. Chini ya ameniambia unaandika kwamba yuko kidato cha tano Kigoma, ana miaka 17, baba yake ni mvuvi. Chini ya ninadhani unaandika kwamba ni mvulana mpole na mpweke. Hapo kalamu inasimama, kwa sababu ukirudi kusoma ujumbe wote unakuta kwamba la uvulana hukuliona popote wala hukuambiwa. Ulilitunga kutokana na picha ya mchezaji mpira aliyoiweka.

Safu ya kwanza itakuwa fupi, nawe usihuzunike. Urafiki unaweza kukua ndani ya safu fupi, mradi ujue ufupi wake. Mtu anayekufafanulia elektrolisisi usiku tatu mfululizo, halafu siku matokeo yanapotoka anakuwa wa kwanza kukuuliza umepata nini, amekutendea jambo la kweli, awe wa Kigoma au wa Korogwe. Sikubaliani na walimu wenzangu wanaowaambia watoto kwamba marafiki hao si marafiki. Mtoto anajua kuwa si kweli, na kesho akiwa na tatizo la kweli hatamwambia mwalimu huyo.

Lakini sentensi ya kulindwa kuliko zote ni ile ya "hajawahi kuniomba kitu." Siku itakapobadilika, andika tarehe kwa herufi kubwa. Akiomba vocha, akiomba picha ambayo usingeweza kumwonyesha mama yako, au akiomba kwamba mazungumzo yenu asiyajue mtu, urafiki umegeuka kuwa kitu kingine, hata kama maneno yake ni matamu kuliko jana. La tatu ndilo baya zaidi, kwa sababu hufungua mlango wa mengine mawili. Usimjibu papo hapo. Tunza picha za skrini za ujumbe wake, kisha umwonyeshe mtu mzima. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inagusa kujifanya mtu mwingine mtandaoni, uonevu wa mtandaoni na picha za ngono za watoto, kwa hiyo usidhani kwamba ni aibu yako binafsi isiyo na pa kupelekwa. Na siri za wenzako uzilinde vilevile: ujumbe wa rafiki usinakiliwe kwenye shajara neno kwa neno bila sababu, na ukurasa wa shajara usipigwe picha kwa ajili ya kumchekesha mtu yeyote.

Kuna pia kutoweka. Rafiki wa jirani akihama, unaona godoro likipakiwa kwenye kirikuu; rafiki wa mtandaoni hunyamaza tu. Kijana mmoja niliyemfundisha njia hii aliniruhusu nieleze mistari yake mitatu. Niliona: ujumbe wangu wa WhatsApp una tiki moja tangu tarehe 12 Januari. Nilidhani: amenichoka, amenizuia. Na kwenye pambizo, miezi mitatu baadaye: kumbe shule zilifunguliwa, simu ilibaki kwa shangazi yake.

Misimamo

Ukiwa na miaka 15 misimamo hukujia kama mafua, kwa kuambukizwa. Umesikia hoja moja kwenye video ya dakika mbili, imekuchoma, na jioni unamwambia babu yako kwamba amepitwa na wakati. Kuna uwezekano mkubwa kwamba uko sahihi, ila hujui kwa nini, naye atakushinda kwa swali la pili.

Tenga kurasa za nyuma za daftari kwa kazi hii. Juu ya ukurasa andika swali badala ya jibu. Kwa mfano: je, msichana aliyejifungua arudi shuleni? Ni swali lililogawa meza nyingi za chakula Tanzania, mpaka Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi wa aina hiyo wanaruhusiwa kurudi. Andika unachoamini leo, na tarehe. Kisha chukua vitenzi vyetu: uliona nini mwenyewe, nani amekuambia nini, na kipi unadhani tu. Labda ulimwona dada wa jirani akiuza vitumbua wakati wenzake wanapita na sare. Hilo ni lako, hakuna atakayekunyang'anya. Halafu andika hoja ya babu kwa namna ambayo yeye mwenyewe akiisoma atasema, naam, hivyo ndivyo ninavyosema. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwani huandika hoja ya babu wa kufikirika aliye mjinga kuliko babu yao.

Tazama jinsi msimamo unavyopata miguu ya kusimamia. Watu wengi Tanzania waliamini kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawaonea wasichana, kwa kuwa iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama, huku umri wa mvulana ukiwa 18. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, hakuishia kwenye kuamini. Alipeleka Mahakama Kuu kesi iliyotaja vifungu kwa namba, cha 13 na cha 17, na Julai 2016 mahakama ikakubali kwamba vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa hiyo. Huhitaji kwenda mahakamani kesho. Lakini unapoandika kwamba jambo fulani ni la uonevu, jiulize kifungu chake ni kipi: ni kanuni gani ya shule, imeandikwa wapi, nani anaweza kuibadilisha.

Chini kabisa ya ukurasa weka mstari mmoja wa "nimefanya nini." Ukikaa mtupu miezi mitatu, msimamo huo bado ni wa kuazima. Kitendo kinaweza kuwa kidogo. Anayeona kwamba wasichana wanakosa vipindi kwa sababu vyoo havina maji ahesabu kwa mwezi mmoja, bila kutaja majina, siku ambazo bomba lilikauka, kisha apeleke hesabu hiyo kwenye baraza la shule kwa barua yenye adabu. Mkuu wa shule amezoea malalamiko na ana majibu yake; siku 11 kati ya 22 zilizoandikwa kwa tarehe zitampa kazi ya kufikiri.

Ukifikia kutaka kuyatoa maandishi yako hadharani, fikiri kwanza kuhusu jina. Malala Yousafzai alikuwa na miaka 11 aliposimulia maisha ya mwanafunzi wa kike huko Swat, Pakistani, kwa idhaa ya Kiurdu ya BBC, kuanzia Januari 2009. Jina lililotumika lilikuwa Gul Makai, la kubuni. Watu wazima waliomzunguka walijua hatari iliyokuwapo, na jina la bandia lilikuwa sehemu ya ulinzi wake. Kijana anayeandika kwa jina lake kamili, na picha akiwa amevaa sare yenye nembo ya shule, amempa kila msomaji anwani yake.

Ikisomwa, na ikijaa

Siku moja mtu ataisoma. Mama akiwa ndiye aliyeisoma, usianze na kelele za haki yako, ingawa unayo; muulize kwanza alikuwa akitafuta nini, kwa kuwa mara nyingi alikuwa na hofu fulani na hakujua pa kuiuliza. Mwenzako akiisoma, mwambie mara moja tu kwamba amekukosea, kisha uende kwa watu uliowaandika na uwaombe radhi kabla hawajaja. Vitenzi vitatu vitakuwa vimekupunguzia safari.

Kauntabuku likijaa, usilichome moto kwa hasira ya siku moja, lipe mwaka. Kabla hujafungua jipya, pitia pambizo zote na unakili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya mambo ambayo bado hayajapata kumbe, pamoja na tarehe zake. Katika daftari langu la 2001 yamebaki mawili. La kwanza ni la R. na jibu la logarithimu. La pili ni la Z., niliyemwandikia barua ya kuomba radhi likizo ya Desemba na kuipeleka posta mwenyewe. Niliandika: niliona, hakujibu. Chini ya nilidhani sijaandika kitu.